Tukuyu kwa siku ya mapumziko: gesti, mama ntilie na fundi viatu kwa mtembeaji wa peke yake

Anayetoka Mbeya kwa miguu kwenda Matema, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, hufika Tukuyu akiwa ameshatembea kilomita kama 70, na huyo ndiye tunayemwandikia. Mtu wa gari akiulizwa kuhusu gesti za mji huu atasema kitanda kilikuwa kizuri au kibaya, runinga ipo au haipo. Mtembeaji anataka kujua mengine kabisa: nguo zitakauka wapi, maji ya moto yanapatikana saa ngapi, fundi viatu anafungua lini, supu inaisha saa ngapi. Tunasema mapema tunavyouona mji wenyewe. Kati ya Uyole, pembezoni mwa jiji la Mbeya, na Ziwa Nyasa hakuna mahali panapofaa kupumzika siku nzima kuliko Tukuyu. Ila una kasoro moja kubwa, unyevu, na asiyejipanga nao ataondoka na soksi mbichi na malengelenge mapya.

Sababu ya kuuchagua Tukuyu inaanzia kwenye mapaja. Kutoka Uyole barabara inapanda milima ya Poroto hadi juu ya mita 2,000, kisha inashuka kupitia Isongole na Kiwira mpaka Tukuyu, ulioko kwenye kama mita 1,500. Kwa mwendo wa kilomita 20 hadi 25 kwa siku, unaingia mjini siku ya tatu au ya nne. Watu huogopa kile kipando, kumbe kinachoumiza ni mteremko. Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja hukaza huku inavutwa ili kuuzuia mwili usiporomoke, na nyuzi zake huchanika kidogo kidogo. Maumivu hayaji siku hiyo hiyo. Huanza baada ya saa 12 hadi 24, na huwa makali zaidi siku ya pili au ya tatu. Ndiyo maana mtu hulala Kiwira akiwa mzima, halafu akashindwa ngazi za gesti Tukuyu. Na mbele kuna mteremko mkubwa kuliko ule wa nyuma, maana uso wa Ziwa Nyasa uko kwenye kama mita 475. Anayeahirisha mapumziko hadi Kyela, mji ulioko chini karibu na ziwa, anashuka kama mita 1,000 kwa mapaja yaliyokwisha kuumia, na magoti ndiyo yanayobeba kilichobaki.

Isongole ni pazuri kwa viazi na kwa kuutazama Mlima Rungwe asubuhi kukiwa hakuna mawingu, lakini kuna baridi kali. Misuli iliyokakamaa kwa baridi haipumziki vizuri. Kiwira kuna soko la ndizi la kutosheleza na malori yasiyolala. Vyote viwili vinafaa kwa usiku mmoja.

Sasa gesti. Tukuyu zipo nyingi, kuanzia za choo cha nje hadi vyumba vya self vyenye hita. Usiangalie jina wala rangi ya jengo; angalia limekaa wapi. Zilizoko karibu na stendi ndizo rahisi kuziona, na ndizo mbaya kwa kupumzika. Alfajiri magari ya Mbeya na Kyela yanaanza kupiga honi, wapiga debe wanaamka, na jioni baa ya jirani inafungulia spika. Panda upande wa juu wa mji, mbali kidogo na barabara kuu. Dakika kumi za kutembea na begi zinakununulia saa mbili au tatu za usingizi wa asubuhi, na usingizi ndio kazi ya kwanza iliyokuleta.

Kabla ya kulipa, omba kuona chumba chenyewe, si kinachofanana nacho. Kagua mambo haya ukiwa umesimama mlangoni: komeo la ndani linafunga, neti haina matundu, dirisha linafunguka, soketi inafanya kazi (chomeka simu uone), na godoro halijabonyea katikati. Kisha uliza swali ambalo wageni wengi hawaliulizi: "Dada, naweza kuanika nguo wapi mvua ikinyesha?" Akikuonyesha kibaraza chenye paa na kamba, au korido yenye hewa, hiyo gesti imeshapita nyingine nusu ya njia. Akikuonyesha uani peke yake, endelea kutafuta. Mwambie pia tangu mwanzo kwamba utalala usiku mbili. Bei huzungumzika, na utajiepusha na kugongewa mlango saa nne asubuhi uondoke, saa ambayo ulipanga bado uwe unapumzika.

Hita za bafuni zinastahili neno lake. Nyingi ni zile za kichwa cha bomba zinazochemsha maji papo hapo, na si zote zimeungwa waya wa ethi. Washa swichi ukiwa mkavu na umevaa ndala, fungua maji, ndipo uingie. Ukisikia mkono unatetema kidogo unapogusa bomba, toka, zima kwenye swichi, na uombe ndoo ya maji ya moto. Ndoo kwa kweli ndiyo tunayoipendekeza. Maji yake hayategemei umeme, na utajimwagia taratibu mgongoni na mapajani kadiri unavyotaka. Sharti lake ni kuagiza mapema, maana yanachemshwa kwa kuni au mkaa. Anayetaka kuoga saa moja asubuhi amwambie mhudumu jioni yake.

Kuhusu kitabu cha wageni: kila gesti itakutaka uandike jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, unakotoka na unakokwenda. Ni utaratibu na usiukwepe. Lakini kitabu kile mara nyingi kinakaa wazi juu ya meza, na anayekuja baada yako anasoma kwamba uko peke yako, chumba namba fulani. Andika ukweli, kisha ukifunge kitabu mwenyewe. Mwanamke anayetembea peke yake na achukue chumba kilicho karibu na mapokezi, si cha mwisho wa korido hata kama kina utulivu zaidi. Usimtangazie kila anayeuliza njia utakayopita kesho. Anayepaswa kuijua ni mtu wako wa nyumbani, pamoja na saa utakayompigia.

Tunafika kwenye nguo, na hapa ndipo Tukuyu unapopoteza alama. Rungwe, wilaya ya mji huu, ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka katika maeneo mengi ya wilaya. Msimu wake ni mrefu, tangu Novemba hadi Mei. Hata Juni na Julai, ambapo mvua imepungua, kuna ukungu na baridi, na shati la pamba linaweza kukaa kwenye kamba mchana kutwa likabaki na ubichi kwenye mishono. Kwa hiyo fika mjini kabla ya saa saba mchana na ufue siku hiyo hiyo ya kufika, kabla ya kula. Anayesubiri siku ya mapumziko yenyewe ili afue kwa raha amejinyima saa 18 za kukausha, na hizo hazirudi.

Fua kidogo kidogo kwenye beseni: soksi, nguo za ndani, fulana, mwisho suruali. Suuza mara mbili, kwa sababu sabuni iliyobaki kwenye soksi inakwangua ngozi ukianza kutoka jasho. Kisha fanya jambo linalookoa nusu ya muda: tandaza taulo kavu, panga nguo juu yake, ikunje kwa kuizungusha, na uikanyage kwa magoti. Taulo inanyonya maji ambayo mikono haiwezi kukamua. Anika soksi zikiwa zimening'inizwa kwa ncha ya vidole, si kwa shingo, ili ule mpira wa juu usilegee. Gesti nyingi zina pasi, ya umeme au ya mkaa. Pasi ya joto la wastani juu ya soksi za pamba, asubuhi ya kuondoka, inamaliza ubichi uliobaki. Za nailoni usizipige pasi, zitayeyuka.

Kuna njia moja ya kukausha ambayo tunakukataza kwa nguvu zote. Katika baridi ya nyanda hizi mtu hushawishika kuomba jiko la mkaa aliweke chumbani, apate joto na nguo zikauke, huku dirisha limefungwa. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na watu hufa usingizini bila kuamka hata mara moja. Mhudumu anaweza kukuletea jiko kwa wema kabisa. Mshukuru, uliache nje kibarazani, nguo ziwe karibu nalo na wewe uwe ndani.

Viatu vilivyolowa toa soli za ndani na kamba, ujaze magazeti ya zamani yaliyofinyangwa, ubadilishe kila baada ya saa mbili au tatu mwanzoni. Usiviweke jikoni. Joto kali hulegeza gundi ya soli, na kiatu kinachoonekana kizima Tukuyu kitafungua mdomo ukiwa katikati ya mteremko.

Hapo anaingia fundi viatu. Mafundi wa Tukuyu wanakaa kwenye vibaraza vya maduka na pembeni ya soko, na kwa viatu vya kutembelea wanafanya kazi nzuri kwa sababu wamezoea raba na mabuti ya watu wa mashamba ya chai, yanayolowa kila siku. Mshono wao wa soli kwa uzi mzito wa nailoni ni imara. Kinachowaangusha wateja ni muda. Gundi ya viatu haishiki kwenye kiatu kibichi, na hata kwenye kikavu inahitaji siku nzima kukomaa. Peleka kiatu jioni ya siku ya mapumziko, na fundi, kwa kukuonea huruma unaondoka kesho, atapaka gundi, atagonga nyundo, na soli itaachia kabla ya kilomita kumi. Mpelekee asubuhi kikiwa kimeshalala na magazeti usiku kucha.

Mwambie unachotaka kwa uwazi. "Fundi, safisha kwa msasa pande zote mbili, paka gundi nyembamba, iache ikauke mpaka isinate kidole, ndiyo uibane. Halafu shona kuzunguka pua ya kiatu." Gundi peke yake haitoshi kwenye pua, maana hapo kiatu kinakunjika kila hatua. Matundu ya sindano yatapitisha maji, hivyo mwombe apitishe gundi nyembamba juu ya mstari wa mshono. Kaa hapo hapo uangalie. Si kwa kutomwamini, bali atakuuliza mambo, na majibu yako ndiyo yatakayokifanya kiatu kikukae. Nunua kwake pia jozi moja ya kamba za akiba.

Miguu nayo ina siku yake. Shinda na ndala, miguu ipigwe na hewa. Lengelenge dogo lisilouma liache. Kubwa linalouma litoboe kwa sindano iliyopanguswa kwa spiriti, matundu mawili pembeni, upande wa chini, ukamue kwa pamba safi, na ngozi ya juu usiitoe hata kama imelegea. Hiyo ngozi ndiyo bandeji bora kuliko utakayonunua. Paka dawa ya iodini, funika kwa plasta, badilisha kila siku. Mwenye kisukari asitoboe kitu. Aende kwa daktari. Na yeyote anayeona wekundu unaosambaa, usaha, au ana homa aende hospitali ya wilaya, ipo hapo hapo mjini. Hiyo ni faida nyingine ya Tukuyu. Maduka ya dawa yana plasta, gozi, spiriti na vipakiti vya chumvichumvi (ORS) ya kurudisha maji mwilini. Nunua plasta ya roli ya kitambaa, kwani zile fupi za kidonda cha kidole hutoka zenyewe kwenye soksi yenye jasho.

Kata kucha za miguu siku hii, sawasawa kwa mstari, bila kuchimba pembe. Kwenye mteremko wa kwenda Ipinda au Kyela, mguu huteleza mbele na kucha ndefu hugonga pua ya kiatu mpaka zinakuwa nyeusi. Kuna ufungaji unaosaidia. Kwenye tundu la mwisho la juu, pitisha kamba upande ule ule ifanye kitanzi kidogo, kisha ncha ya kulia ipite kwenye kitanzi cha kushoto na ya kushoto kwenye cha kulia, vuta kuelekea chini, ufunge. Kisigino kinatulia mahali pake na vidole vinapata nafasi.

Chakula ndicho Tukuyu unachotoa kwa ukarimu kuliko kitu kingine. Amka uende kwa mama ntilie kabla ya saa tatu, supu ikiwa bado ina nyama. Baada ya hapo wanaongeza maji. Supu na chapati mbili zinarudisha chumvi uliyoitoa kwa jasho, na chumvi ndiyo inayokosekana kwa wengi wanaolalamika kizunguzungu siku ya mapumziko. Mchana agiza ndizi zilizopikwa kwa nyama au maharage. Hii ni nchi ya ndizi, na zinapikwa na watu wanaozijua. Jioni wali. Mchele wa Kyela unapatikana hadi huku juu, na harufu yake utaisikia kabla sahani haijafika. Mwili unahitaji kama siku nzima ya kula wanga vizuri ili kujaza akiba ya misuli, kwa hiyo usile kama mtu asiye na kazi eti kwa kuwa leo hutembei. Parachichi moja kila mlo; Rungwe yamejaa, ni ya bei nafuu, na mafuta yake yanakaa tumboni. Chai ya hapa inalimwa kwenye vilima unavyoviona, agiza ya maziwa. Maziwa yawe yamechemshwa, na hata mtindi uliza kama maziwa yake yalichemshwa kabla ya kugandishwa, kwa sababu ugonjwa wa brusela hutoka kwenye maziwa mabichi na homa yake itamaliza safari yote.

Salamu zina nafasi yake mezani. Wazee wape shikamoo, na "ugonile" ya Kinyakyusa asubuhi hufungua mazungumzo. Mama ntilie akishajua wewe ndiye unayetembea kwenda Matema, atakuongezea kijiko bila kuombwa.

Ukikosa chumvichumvi dukani, tengeneza: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Usizidishe chumvi.

Tunawaona wengi wanaharibu siku hii kwa vivutio. Tukuyu umezungukwa navyo: maporomoko ya Kaporogwe, Ziwa Masoko, na Daraja la Mungu upande wa Kiwira. Bodaboda ziko tayari, na mtu anajiambia kukaa bure ni uvivu. Anakwenda, anashuka na kupanda makorongo kwa ndala, anarudi jioni amechoka kuliko alivyofika. Daraja la Mungu litazame siku unayopitia Kiwira. Ziwa Masoko, lililo kwenye shimo la volkano, liache kwa sababu liko njiani kwa anayeshuka kupitia Masoko kwenda Ipinda. Mlima Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Una kibali chake na unataka siku yake, usiuchomeke hapa.

Mchana huo mtulivu una kazi bora. Lala chali dakika kumi na tano, miguu imeegemezwa ukutani, uvimbe ushuke. Kisha toa kila kitu begini, ukipange kitandani, na ukiangalie kimoja kimoja: hiki nimekitumia lini? Anayetembea peke yake hana wa kumwambia kwamba amebeba mno, wala wa kumwambia kwamba anakwenda mbio kupita uwezo wake. Daftari linaifanya kazi hiyo. Andika kila siku ulianza saa ngapi, ulifika saa ngapi, ulikunywa maji kiasi gani, maumivu yalianzia wapi. Siku tatu zikikaa kwenye ukurasa mmoja utaona jambo ambalo barabarani hulioni, kwa mfano kwamba kidonda cha kisigino kilianza siku uliyobadilisha soksi, au kwamba hasira zote zilikuja saa nane mchana, saa ambayo hukuwa umekula. Upweke nao mara nyingi huja siku hii kuliko siku za kutembea, kwa sababu mwili umetulia. Piga simu nyumbani mchana, usingoje usiku umeme ukiwa umekatika na chaji imeisha. Pawabenki ichaji siku ya kufika.

Nguo nzito za Poroto hazina kazi Kyela, ambako ni joto na mbu. Bakiza sweta moja kwa usiku wa Tukuyu na koti la mvua. Yaliyobaki funga kwenye mfuko wa salfeti, andika jina na namba ya simu ya mpokeaji pande mbili, na utume Mbeya kwa basi kutoka stendi. Dai risiti, piga picha namba ya gari. Kilo mbili zilizotoka begini zinasikika magotini kwenye kila mteremko. Toa pia fedha taslimu za kutosha hapa, kwa benki au wakala wa simu, na nunua dawa ya kujipaka ya mbu ukiwa bado mjini.

Kwa jumla tunaupa Tukuyu alama 8 kati ya 10 kama kituo cha mapumziko kati ya Juni na Oktoba, na 6 wakati wa mvua, tofauti yote ikiwa ni kamba ya kuanikia. Siku ya kuondoka anza saa 12 na nusu asubuhi, na usifidie siku uliyopumzika. Masoko iko kama kilomita 15, na hizo zinatosha kwa siku ya kwanza ya miguu iliyolala. Beba lita 2 za maji na chakula cha mchana kutoka mjini. Ukifika uliza ofisi ya mtendaji wa kijiji ilipo ili akuelekeze pa kulala, na dharura ikitokea njiani namba ni 112.